ISHARA ZA KWELI NA ISHARA ZA DHANA

Mawaidha kwa ndugu zetu juu ya ramli, ndege mbaya, jinamizi na tuhuma

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye rehema. Shukrani zote ni zake Yeye aliyempa binadamu jicho la kuonea, sikio la kusikilizia, na akili ya kupimia vile alivyoviona na kuvisikia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyewatoa watu katika kiza cha ujahili, na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, katika kijitabu hiki twataka kusema nanyi juu ya maradhi yaliyoenea katika miji yetu, katika nyumba za matajiri na za maskini sawasawa, nayo ni maradhi ya kuona ishara pasipo ishara. Bundi akilia juu ya paa, watu husema mauti yamekaribia. Mtoto akishikwa na homa, hutafutwa jirani aliyemtazama jana. Ndoa hucheleweshwa kwa sababu ya mwezi, chombo hakitweki tanga kwa sababu ya siku, na fedha iliyokuwa ya kununulia dawa hupelekwa kwa mpiga ramli. Na mwisho wa njia hii si mambo ya kuchekesha. Mwisho wake ni mume kumwacha mkewe, ndugu kumkata nduguye, na mara nyingine ni kumwagwa damu ya mtu asiye na hatia.

Yatupasa tufahamiane tangu mwanzo. Sisi hatukanushi mambo ya ghaibu. Muislamu huamini malaika na majini, wala haoni shaka, kwa kuwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio waliotupa khabari zao. Walakini kuamini kuwako kwa majini ni jambo moja, na kumwamini kila adaiye kuwa amesema nao jana usiku ni jambo jingine. La kwanza ni dini; la pili ni dai la mtu, na kila dai hutakiwa ushahidi.

Tuanze na kisa kilichopokewa katika hadithi sahihi, kwani ndani yake mna msingi wa yote tutakayosema. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya wa Misri, naye alikuwa bado mtoto wa kunyonya. Mtume alimpakata, machozi yakamtoka. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakatazamana, wakaunganisha mambo mawili: mtoto wa Mtume amekufa, na jua limejifunika uso, basi jua limejifunika kwa msiba wa Mtume.

Tazameni, ndugu zangu, namna dhana hii ilivyokuwa na kila pambo la ukweli. Nyakati ziliwafikiana. Waliosema hawakuwa maadui, bali ni watu wa mji wa Mtume wenye kumpenda. Na maana ya maneno yao ilikuwa ni kumtukuza. Lau angalinyamaza tu, pasipo kusema neno, watu wangalizidi kumstaajabia. Na mtu mwongo angaliipokea zawadi ile kwa mikono miwili. Lakini Mtume hakunyamaza. Aliwasalisha watu sala ya kupatwa kwa jua, akairefusha, kisha akasimama akawakhutubia, akawaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Katika siku ya msiba wake mwenyewe aliikataa ishara ya dhana iliyokuwa ikimsifu yeye.

Wanahisabu wa nyota waliorudi nyuma na kuihisabu miendo ya jua na mwezi wamekuta kuwa jua lilipatwa, na likaonekana Madina, tarehe 27 Januari 632. Maana yake ni kuwa kupatwa kule kulikuwa kumekwisha pangwa katika mwendo wa jua na mwezi kabla ya kuzaliwa Ibrahim na kabla ya kuzaliwa babu zake. Vivyo hivyo jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, watu walisafiri mpaka Rujewa, katika nchi ya Mbeya, wakaliona likiwa kama pete ya moto, kwani siku yake na saa yake zilijulikana mapema kwa hisabu. Je, jambo likijulikana kwa hisabu huacha kuwa ishara ya Mungu? Hasha. Utaratibu huo usiokosea ndio ishara yenyewe. Basi jifunzeni hapa kupambanua: ishara ya kweli ni ile aliyoiweka Muumba katika viumbe vyake, ishara ya dhana ni ile tunayoiongeza sisi juu yake.

Sasa tuulize: kwa nini watu hupenda kuongeza? Si kwa sababu ni wapumbavu. Akili ya binadamu imeumbwa kuunganisha jambo na jambo. Nahodha huiona rangi ya maji akajua kuwa mbele pana mwamba. Mvuvi huliona wingu akajua upepo utageuka. Mtoto mchanga huzitambua nyuso mapema kabla hajajua neno lolote. Hiki ni kipawa kikubwa, na bila yake tusingalijifunza lugha wala kazi. Lakini kipawa hiki hakina breki ndani yake. Huunganisha yanayofungamana na yasiyofungamana pia. Tena hupendelea kukosea upande mmoja. Mtu apitaye shambani usiku akasikia majani yakitikisika, akidhani ni nyoka na kumbe ni upepo, hasara yake ni kuruka bure. Akidhani ni upepo na kumbe ni nyoka, hasara yake ni roho yake. Kwa hivyo moyo hukubali kushtuka bure mara nyingi ili usikose mara moja. Na wazee wetu wamelijua jambo hili waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si aibu. Aibu ni kuupiga ung'ongo mpaka asubuhi, na kuwaita majirani waje wauone nyoka.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Skinner, alieleza mwaka 1948 majaribio aliyowafanyia njiwa 8 wenye njaa. Kila njiwa alitiwa peke yake katika kizimba, na chakula kikaletwa kwa chombo baada ya kila muda uliopangwa, lolote alitendalo njiwa. Alale au aruke, chakula huja kwa wakati wake. Baada ya siku kidogo, njiwa 6 katika wale 8 walikuwa wamezua kila mmoja ada yake: mmoja akizunguka kizimbani, mwingine akisukuma kichwa pembeni, wengine wakiyumba huku na huku. Skinner aliona kuwa ni kwa sababu chakula kilimkuta kila njiwa akifanya jambo fulani, naye akalirudia, na chakula kikaja tena, akazidi kulirudia. Wataalamu waliomfuata wamejadiliana juu ya tafsiri hiyo, lakini mfano una mafunzo kwetu. Mtu aliyevaa kitu fulani siku aliyouza vizuri, naye hataki tena kukivua, ana tofauti gani na njiwa yule azungukaye? Tofauti ni kuwa binadamu amepewa akili ya pili, ya kuihakikisha akili ya kwanza. Asipoitumia, amejishusha mwenyewe mpaka kizimbani.

Na ilimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Misri yapata mwaka 1040, katika kitabu chake cha Al-Manadhir ameeleza kuwa jicho peke yake halimalizi kazi ya kuona. Jicho hupokea nuru na rangi, kisha akili hupima na kukisia kitu kile ni nini. Na huko katika kupima na kukisia ndiko makosa mengi yanakoingia, khasa nuru ikiwa haba au kitu kikiwa mbali. Basi mtu asemapo, Nimeona kwa macho yangu, yaulizwe mambo mawili: macho yaliona nini, na akili iliongeza nini?

Mfano wake uko hapa hapa petu. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, ametaja katika kitabu chake kikubwa cha samaki kilichotoka mwaka 1949 kuwa hapo zamani alipatikana Unguja samaki ambaye mistari ya mkiani mwake ilisomeka kama khati ya Kiarabu: upande mmoja kalima ya Tauhidi, na upande wa pili jina la Mwenyezi Mungu. Mji ukajaa mshangao, na bei ya samaki yule ikapanda hata ikafika rupia 5,000. Samaki wa namna ile wako wengi katika miamba ya bahari yetu. Akiwa mdogo huwa wa rangi ya buluu ya kiza yenye mistari myeupe iliyopinda kama pinde; akikua, mistari ile hukatikakatika na kugeuka, ikawa vipande na vitone vyenye mfano wa herufi. Mkia wa kila mmoja una michoro yake. Ni samaki wangapi wa namna hiyo wamevuliwa, wakapikwa na kuliwa, na mikia yao haikusema neno? Hao hawakuhisabiwa. Amehisabiwa mmoja aliyesomeka.

Tena fikirini: mkia ule angaliushika mtu wa Uchina angalisoma Kiarabu? Angalisoma herufi za kwao, au asingalisoma kitu. Kila mtu husoma khati anayoijua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1976, chombo cha Wamarekani kilipopiga picha ya nyota ya Mirihi, watu wakaona humo uso wa mtu mkubwa amelala chali akitazama mbinguni, vikaandikwa vitabu juu yake. Mwaka 2001 ikapigwa picha iliyo bora zaidi, uso ukatoweka, kikabaki kilima. Uso ule ulitengenezwa na vivuli vya jua la pembeni, na ukakamilishwa na akili zetu, ambazo kwa wepesi wake wa kutambua nyuso huziona hata mwezini na mawinguni.

Huenda mtu akasema: Kuna ubaya gani samaki yule akiwazidishia watu imani? Twamjibu: Ubaya upo. Leo mkia umesomeka tauhidi. Kesho mkia wa pili ukisomeka neno la ushirikina, utafanya nini? Utasema ni mistari tu. Basi na ile ya jana ilikuwa mistari tu. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mizani ya haki haivutwi. Dini yetu imesimama juu ya Kitabu na hoja, nayo haihitaji kuokotewa ushahidi sokoni. Imani iliyotundikwa mkiani mwa samaki huoza pamoja na samaki. Ukitaka ishara ya Mungu katika samaki, mtazame samaki mwenyewe: matamvua anayopumulia majini, magamba yalivyopangwa, jicho lionalo katika kina. Ishara hiyo haikatiki, na kila samaki anayo.

Natuje kwa mpiga ramli na mtazamia nyota. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kumwendea mtazamiaji akamuuliza jambo, haikubaliwi sala yake siku 40, na amwendeaye akamsadiki, ameyakanusha yale yaliyoteremshwa kwa Muhammad. Tena amefunua siri ya kazi yao. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari ameeleza kuwa kahini hupata neno moja la kweli lililoibiwa, akalichanganya na uwongo 100. Na watu humsadiki kwa lile moja, wakiambiana: Je, hakutuambia siku fulani jambo fulani, nalo likawa? Zingatieni maneno haya. Mtume ameonyesha kuwa ugonjwa hauko kwa kahini peke yake, uko pia kwa msikilizaji ahisabuye moja lililopata na kusahau mia yaliyokosa.

Na jinsi lile moja linavyopata si ajabu. Mwaka huo huo wa 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, jina lake Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maswali juu ya tabia zao, kisha akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya nafsi yake, akawataka wapime kwa daraja kutoka 0 mpaka 5 maelezo yale yamesibu kadiri gani. Daraja zao kwa wastani zilikuwa 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na mengi ameyatoa katika kitabu cha kutazamia nyota kiuzwacho njiani. Sasa msikilizeni mganga wetu: Una adui wa karibu, umepata kudhulumiwa mali, moyo wako mweupe lakini watu hawakushukuru, kuna safari mbele yako. Ni mtu gani wa pwani asiyekuwa na safari mbele yake? Maneno hayo ni kama kanzu pana, humwenea kila aivaaye, na kila mmoja hudhani ameshonewa yeye. Na Ibn Khaldun katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kueleza kuwa kupiga ramli ni kazi iliyozuliwa kwa ajili ya kutafuta maisha, haina dalili ya kusimama juu yake. Na akaweka mlango mzima wa kubatilisha utabiri wa nyota. Basi watu wa kale walikwisha kutusafishia njia, nasi tumerudi porini kwa khiyari yetu.

Kadhalika ndoto. Hatusemi kuwa hapana ndoto ya kweli, kwani hiyo imethubutu katika hadithi. Lakini tufanye hisabu kwa mfano. Mji una watu 10,000, na kila mmoja huota ndoto ya kufa mtu amjuaye usiku mmoja tu katika usiku 1,000. Basi kila usiku watu 10 mjini wameota ndoto hiyo, na katika mwaka ni ndoto 3,650. Ni ajabu gani mbili tatu zikiwafikiana na msiba? Hizo ndizo zitakazosimuliwa barazani miaka 20. Nyingine zote zimesahauliwa kabla ya chai ya asubuhi.

Ama siku mbaya na ndege mbaya, Mtume amezikanusha kwa kuzitaja. Amekanusha fali ya ndege, na amekanusha itikadi ya Waarabu wa ujahili juu ya bundi, kuwa ni roho ya maiti ilialo kutaka kisasi, na amekanusha nuhusi ya mwezi wa Safar, ambao ndio Mfunguo Tano wetu. Waarabu walikuwa wakiona mkosi kuoa katika mwezi wa Shawwal, yaani Mfunguo Mosi. Bibi Aisha (R.A.) akawajibu kwa nyumba yake mwenyewe: kuwa Mtume alimwoa katika Shawwal na akamwingiza nyumbani katika Shawwal, basi ni nani katika wake zake aliyekuwa na bahati kwake kuliko yeye? Jawabu hii inatosha kwa mwenye akili. Na bundi, ndugu zangu, ni ndege atafutaye riziki yake. Yeye hufuata panya na wadudu, na wadudu hufuata taa; na nyumba iwakayo taa usiku kucha ni ipi, ila ile yenye mgonjwa? Waliolala fofofo hawakumsikia juu ya mapaa yao. Walioamka kumwuguza mtu wao ndio waliomsikia.

Hapa tumefika mahali pa khatari, ambapo dhana huacha kuwa mchezo wa barazani. Twajua sote jinamizi: mtu huamka usiku, akili inaona chumba, viungo havisogei, kifua kimelemewa, naye huhisi kuwa yupo mtu au kitu kando yake, na pengine hukiona. Wataalamu wa usingizi wameeleza sababu yake. Binadamu aotapo, ubongo hufunga viungo vyake asije akainuka akayatenda ayaotayo. Mara nyingine akili huamka kabla ya viungo kufunguliwa, na ndoto haijesha. Basi hubaki dakika chache kati ya usingizi na macho, akiona chumba cha kweli chenye mgeni wa ndoto. Huzidi kwa mtu aliyechoka, aliyekatiwa usingizi, mwenye khofu, au alalaye chali. Waarabu hukiita kitu hiki kabusi na jathumu, na Waturuki wana jina lao, na kila taifa humvika mgeni yule nguo za kwao. Na Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alikiweka katika kitabu chake cha Kanuni miongoni mwa maradhi ya kichwa, akakiandikia matibabu. Sababu aliyoitaja yeye, ya mvuke upandao ubongoni, tiba ya leo haiifuati. Lakini alijua kuwa mahali pa kukitafuta ni katika mwili wa mgonjwa, si katika nyumba ya jirani.

Na sisi tukafanya nini? Mwanzo wa mwaka 1995 ilizuka Pemba khofu ya kitu kilichoitwa Popobawa, ikavuka mpaka Unguja. Ilisemwa kuwa huwaingilia watu usiku vitandani, akawakandamiza na kuwatenda mambo ya aibu. Tena ilisemwa kuwa aliyepatwa asipotangaza kwa watu, atarudiwa. Angalieni mtego huo: kila aliyelala vibaya alilazimika kutangaza, na kila tangazo liliwanyima wengine usingizi. Watu wazima walilala nje wakizunguka mioto, wamechoka, wameogopa, usingizi wao umekatwakatwa. Nasi tumekwisha kusema kuwa huo ndio udongo jinamizi linamoota. Hata mwisho, katika mji wa Unguja, umati wa watu ukamshika mtu mmoja mgonjwa wa akili, ukadai kuwa ndiye, ukampiga hata akafa. Hakuwa na mbawa. Alikuwa binadamu, mwenye mama aliyemzaa, na maradhi yaliyostahili huruma.

Wala damu hiyo si ya peke yake. Katika nchi ya Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na pande za Shinyanga na Mwanza wamekatwa vikongwe ambao dalili ya uchawi wao ilikuwa ni macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko waliopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Mama huyo amewapikia watu chakula, na wekundu wa macho aliotoka nao jikoni ukawa ndio hati ya kumwua.

Ndugu zangu, tukisimama mbele ya Mola wetu tutasema nini? Mwenyezi Mungu ametukataza katika Qurani kufuata jambo tusilo na ilimu nalo, na akatujulisha kuwa sikio na jicho na moyo vitaulizwa. Ametuamuru tuihakikishe khabari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ametuamuru tujiepushe na dhana nyingi, kwani katika dhana mna dhambi. Sheria hailikati deni la shilingi kumi kwa ndoto ya mdai. Vipi twaikata heshima ya mwanamke mzee kwa ndoto ya mgonjwa?

Atasema msemaji: Je, sihiri si kweli? Haikutajwa katika Qurani? Twamjibu: Imetajwa, nasi twaamini. Wizi pia ni kweli, umetajwa, na kuna wezi duniani. Je, kwa hivyo kila aliyepotewa na kitu amshike jirani yake amkate mkono? Kuwako kwa kosa ulimwenguni si ushahidi juu ya mtu fulani. Na wachawi wa Firauni, Qurani imeeleza kuwa waliyaroga macho ya watu wakawatisha, na kamba zikadhaniwa zinakwenda. Basi hata pale penye sihiri ya kweli, mlango wake ulikuwa ni macho na khofu za watazamaji. Afungaye mlango huo kwa ilimu na tauhidi amejihifadhi.

Atasema mwingine: Lakini mimi mwenyewe yamenifika. Twamjibu: Hatukuiti mwongo. Kifua chako kililemewa kweli, khofu yako ilikuwa ya kweli, na ndoto yako uliiota. Tunalokuomba ni ungoje kidogo kati ya lile lililokufika na lile unalotaka kusema kuwa ndiyo sababu yake. Watu wa Madina waliona kweli kiza cha mchana. Hawakukosea machoni; walikosea katika neno "kwa sababu".

Basi shikeni mambo matano. La kwanza, likitokea jambo la kutisha, liulizieni sababu yake ya kawaida kwanza: mwenye homa apelekwe hospitali, asiyelala apewe utulivu na usingizi. La pili, mwenye kusifu mtabiri aambiwe aandike kila alilotabiriwa kabla halijawa, ayaandike na yaliyokosa, kisha ahisabu baada ya mwaka. La tatu, khabari ya ajabu isichukuliwe barazani mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliona nini kwa macho yake. Wengi watakwambia waliambiwa na aliyeambiwa. La nne, lisitajwe jina la mtu katika mambo ya uchawi, wala kwa ishara, wala kwa kuguna. Kwani neno moja la baraza la jioni hufika usiku likiwa na panga mkononi. La tano, moyo ukiingia khofu au shaka katika jambo la kuchagua, iko sala ya istikhara na iko shauri ya wenye ujuzi. Yaombwe hayo, kisha mtu atweke tanga lake akimtegemea Mola wake.

Na ninyi maimamu na walimu wa vyuo, na ninyi wazee mnaokaa mbele katika mabaraza, jukumu lenu ni kubwa kuliko la wengine. Mtume hakungoja khofu ya watu ipoe yenyewe. Aliwakusanya akasema nao siku ile ile. Watu wakianza kukimbizana usiku, mwenye kunyamaza na hali anajua amekuwa mshirika wa watakaoua asubuhi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa haki na utupe nguvu ya kuifuata, tuonyeshe uwongo kuwa uwongo na utuepushe nao. Tutoe khofu ya kila kilicho chini yako. Zihifadhi ndimi zetu na heshima za majirani zetu, na mikono yetu na damu za viumbe vyako. Waponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliouawa kwa dhana, na uwajaalie waliobaki waipime khabari kabla ya kuinua fimbo. Amin.